Koti la Mheshimiwa Marselino

Ifakara,
9 Februari 1997

Mdogo wangu Beatus,

Nakusalimu sana, na wote hapa nyumbani wanakusalimu. Mama yuko kule ng'ambo ya mto, Lupiro, amekataa tena kuhamia kwangu, anasema Ifakara mashine za kukoboa zinampigia kelele kichwani. Baba Fidel yuko Mang'ula kwenye kazi yake ya hifadhi, anakuja mwisho wa mwezi, akija analala mchana kutwa. Mvua mwaka huu imetuchezea, tumepanda mpunga umekauka, tumepanda tena. Wewe je? Mguu wako? Usiniandikie "mimi mzima" halafu ukaweka nukta. Andika mguu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Fidel jino la mbele linacheza. Watoto wenzake wa miaka saba jino likicheza wanafurahi, wanalisukuma kwa ulimi watu waone. Mimi naliangalia hilo jino moyo unanienda mbio. Unajua la kwanza lilipotoka alivyovuja damu mpaka godoro tukalitupa, akaongezewa damu ya baba yake, na nyingine ya watu tusiowajua, na mimi kulala ikawa shida kwa kuifikiria hiyo ya watu, maana na huu ugonjwa wa siku hizi.

Mwezi wa kwanza tulilazwa kwa ajili ya goti lake. Kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja Msukuma, anaitwa Kija, mumewe Mashimba ana ng'ombe wengi huko Mngeta. Mwanzoni sikumsemesha, maana ng'ombe wao walishaingia kwenye mpunga wa shangazi Stumai, na wewe unamjua shangazi, mpaka leo anawataja kwenye sala. Lakini mtoto wake Masalu kiwiko kilikuwa kimevimba vile vile, na damu yake haigandi vile vile kama ya wa kwangu. Beatus, mimi nilidhani ni ukoo wetu tu duniani. Tulikaa chini tukaulizana: wako akijikwaa unafanyaje, wako kisu unakificha wapi. Kumbe sote tunaficha kwenye unga. Tulicheka mpaka tukafukuzwa wodini.

Sista muuguzi ndiye aliyetueleza. Kile kinachokosekana kwenye damu ya hawa watoto, wenzetu wa nje wameshakitengeneza kuwa dawa, mtoto anachomwa sindano damu inakata. Na hata hapa kwetu yale maji ya damu yanaweza kugandishwa kwenye friji lake maalumu yakakaa tayari. Kinachokosekana ni fungu la fedha, na fungu linapangwa bungeni, Dodoma, kila katikati ya mwaka. Nikamwambia sista, Dodoma mimi nina mdogo wangu, fundi cherehani. Akacheka. Mimi sikucheka.

Basi tumeandika barua, mimi na Kija na akina mama wengine wanne tuliowapata kwa kuulizia. Nimeiweka humu ndani. Ifikishe kwa wanaohusika. Na lile ulilonikataza kulisema sijalisema, humo tumeandika watoto tu.

Dada yako,
Digna


Dodoma,
2 Machi 1997

Dada Digna, shikamoo.

Mimi mzima. Mguu upo, umeungana na goti, na goti limeungana na paja. Umeridhika?

Nimefurahi kusikia habari za mama na mashine. Mwambie huku Dodoma kelele ni za upepo, na vumbi linaingia mpaka kwenye sindano. Kazi zipo. Wabunge wakija kwenye vikao wanajikuta wamenenepa, suruali zote zinaletwa kupanuliwa kiuno. Nimehamishia cherehani kwenye baraza la Gosbert, fundi wa saa, tunagawana kivuli.

Barua yenu nimeipeleka. Nilivaa shati jeupe nikaenda nayo mpaka mapokezi ya Bunge. Karani akaisoma yote, nilimwona macho yanavyokwenda, akasema ni ya Kamati ya Huduma za Jamii, ataipeleka, ila barua za wananchi ni nyingi na zinangoja zamu. Sasa sikiliza. Kwenye kamati hiyo yumo mteja wangu, Mheshimiwa Marselino, mbunge wa huko kusini, Mngoni. Yaani mtani wetu kabisa. Alipokuja kuchukua suruali nikamwambia Wapogoro tuna barua yetu kwenye kamati yake. Akasema hiyo ataisoma kwanza kuliko zote, maana hajawahi kuona Mpogoro aliyejua kuandika. Nikamshonea mfuko mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Na kuna jambo jingine, mama yake mzazi anaishi hapo hapo Ifakara kwa binti yake, karibu na stesheni ya reli. Ni mzee na anaumwa. Ukipata nafasi nenda kamsalimie.

Jina langu dada usiliweke popote. Mimi kazi yangu ni kumzungushia mtu kamba ya kupimia kiunoni na kuzishika nguo zake. Wateja wakisikia neno damu hawataniuliza ni damu ya namna gani, watachukua vitambaa vyao waende.

Msalimie Fidel. Mwambie jino asilisukume.

Mdogo wako,
Beatus


Ifakara,
6 Aprili 1997

Mdogo wangu Beatus,

Salamu za Pasaka, ingawa imepita. Mama alivuka kwa kivuko akaja kusali huku, akamsahihisha padre wimbo katikati ya misa. Fidel jino bado linacheza. Namlisha uji na ndizi za kuponda, muwa nimepiga marufuku, na yeye anaulilia muwa tu.

Kwa mama yake Mheshimiwa nilikwenda. Nilimkuta amezidiwa, na siku chache kabla ya Pasaka akafariki, Mungu amlaze pema. Binti yake anasema mpaka mwisho alikuwa anawatukana Wapogoro, ndiyo wakajua akili bado ipo.

Sasa Beatus kaa vizuri. Msiba wa Mngoni, watani ni sisi. Mimi toka nizaliwe sijafanya utani wa msibani, hiyo kazi ni ya shangazi Stumai. Nikamwendea nikamwambia safari hii kaburini naingia mimi. Akaniuliza kama najua kulala humo na kudai. Nikasema nitajifunzia humo humo. Kija naye alikuwa amefika na treni kumleta Masalu kliniki, nikamwambia nisindikize. Nikamweleza njiani harakaharaka, na hapo ndipo nilipokosea.

Mheshimiwa alikuwa amekuja na koti jeusi zuri sana. Jua la hapa unalijua. Alilivua akalitundika kwenye usukani wa baiskeli ya mtu. Jeneza lilipokaribia, nikateremka kaburini, nikalala chini kabisa nikajifunika kanga. Watu wakaanza vigelegele. Nikapaza sauti nikasema Wangoni mnazika hapa kwa ruhusa ya nani, bibi huyu ametutukana tangu reli inajengwa, leo hazikwi mpaka tulipwe. Wakarusha sarafu. Nikazirusha juu. Wakarusha tena, nikarudisha tena, mpaka wakaona huyu ana lake. Mheshimiwa mwenyewe akasogea ukingoni akainama.

"Mtani, unataka nini?"

Nikamwambia, "Nataka dawa ya damu ya watoto. Barua yetu unayo. Niahidi hapa mbele ya mama yako kwamba utaisema bungeni, nitoke."

Aliniangalia, na nikaona barua ameikumbuka, uso ulibadilika. Akafungua mdomo. Na wakati huo huo Kija, ambaye alikuwa ameshuka nyuma yangu kwa kunionea huruma nilivyolala peke yangu, akaona noti imeangukia udongoni. Akaiokota, akaipangusa, akaifunga kwenye pindo la kanga. Alidhani tunakusanya. Na kwetu unajua mwenyewe, mtani akishapokea imekwisha. Watu wakapiga kelele wamelipwa, wamelipwa, watoke. Mdomo wa Mheshimiwa ukafungika.

Mzee mmoja akauliza Msukuma ameingiaje kaburi la Mngoni. Kija akamjibu huku anavutwa mkono kupanda, "Ng'ombe zangu zimepita kila mahali kwenye bonde hili, kaburi ndiyo linishinde?" Walicheka hata waliokuwa wanalia.

Mimi nilikuwa nalia kweli, nimesimama na udongo mpaka nywele, na watu wanasema huyu mtani hodari, tazama machozi. Wakazika. Kija alipoelezwa alichofanya alikaa chini akafunika uso. Ila baada ya maua, mdogo wake marehemu, bibi mmoja mfupi, akasimama akawaambia Wangoni wenzake wangoje.

"Mliyemlipa ni nani? Msukuma. Msukuma kwetu ni mpita njia. Mpogoro bado anadai, na dada yangu hatakwenda na deni."

Mngoni mwenyewe, Beatus. Shangazi anasema alitaka tu dada yake aagwe kwa utani uliokamilika. Mheshimiwa akasema sawa atalipa, lakini gari lilikuwa linamngoja. Ndipo shangazi akanifinya akanionyesha baiskeli kwa kidevu. Nikalichukua koti. Mtani anachukua, siyo wizi. Nikalivaa, linanifika magotini, nikaondoka nalo mbele ya macho yake, huku wanawake wananiimbia. Nikamwambia akilitaka aulize kwa mama Fidel.

Sasa koti liko ndani kwangu na mimi naogopa. Mfukoni kuna miwani na leso. Nimelikunja nimeliweka juu ya gunia la mpunga. Ni sawa hivyo? Usicheke. Niambie koti la bungeni linatunzwaje.

Na mguu.

Dada yako,
Digna


Dodoma,
21 Aprili 1997

Dada Digna, shikamoo.

Usishangae mwandiko, anayeandika ni Gosbert, mimi nasema yeye anaandika. Mkono una kijipu. Gosbert naye anakusalimu, anasema amesoma habari ya kaburi mpaka akaharibu saa ya mtu.

Koti juu ya gunia la mpunga hapana. Panya wataanza na bitana. Lining'inize kwenye henga, kama henga huna chukua fimbo nene uizungushie matambara ili mabega yasichongoke. Lifunike kwa shuka safi. Usilipige pasi ya mkaa moja kwa moja, weka kitambaa kibichi juu yake, bora zaidi usilipige kabisa. Halafu niandikie bitana ni ya rangi gani na kama mshono wa kwapa umefunikwa. Kama haujafunikwa, huyo fundi alimwibia.

Mheshimiwa alipita hapa juzi, amevaa shati. Anamwambia kila mtu kwenye hoteli zao kwamba mwanamke wa Kipogoro amemvua koti mbele ya mama yake. Anasema huku anacheka, ila nilimwona anafurahi kulisema, kama mtu ambaye mama yake amezikwa vizuri. Akaniuliza, huyo mama Fidel wa Ifakara ni nani wako. Nikamwambia tunatoka upande mmoja. Hilo nalo ni kweli. Halafu nikageuza maneno nikamwuliza habari za bitana ya koti lake, hakujua hata rangi.

Akasema barua ameitafuta ameipata.

Mdogo wako,
Beatus


Ifakara,
12 Mei 1997

Mdogo wangu Beatus,

Hatujambo sasa, nasema sasa. Mama anakusalimu. Mpunga wa pili umeshika, ndege wameanza, shangazi anakesha nao shambani anawatupia udongo na matusi. Bitana ni ya kijivu na mshono wa kwapa umefunikwa. Kijipu cha mkono nimekisoma. "Upande mmoja" nayo nimeisoma. Nimeziacha hapo.

Jino lilitoka. Jirani alimpa kipande cha muwa, kwa mapenzi, nikiwa kisimani. Nilivyorudi nikamkuta amekaa kimya mgongo ameupa mlango, nikajua kabla hajageuka. Alitoka damu siku na siku. Tulimkandamiza pamba, tukamwekea barafu ya duka la soda, tukaenda wodini, damu inakata saa mbili inaanza tena. Akawa mweupe viganja. Walimtundikia damu ya masista wawili. Kija alipopata habari akamleta mumewe Mashimba na treni, mwanamume yule na fimbo yake akaja akanyoosha mkono achomwe, hakuuliza neno. Yeye aliyeingiza ng'ombe. Fidel sasa amekaa kitandani anasema ana damu ya Kisukuma, anataka kujua ng'ombe zake atapewa lini.

Lakini kabla hajapata nafuu, siku damu ilipokuwa bado inatoka, alikuja Mheshimiwa. Alikuwa amekuja arobaini ya mama yake, dada yake akamwambia nilipo. Aliingia wodini anacheka kutoka mlangoni, anauliza mwizi wa koti yuko wapi. Halafu akamwona Fidel. Ana beseni kifuani, mdomo umejaa pamba, na kwa kuwa hawezi kusema akaweka mkono wake kichwani akainama, ndiyo shikamoo yake hiyo. Mheshimiwa akaacha kucheka. Akavuta stuli. Akaniuliza ni ajali gani. Nikamwambia jino. Akauliza tena, jino tu?

"Jino tu, mtani. Limetoka lenyewe."

Nikaona shavu linacheza, anapitisha ulimi kwenye meno yake mwenyewe. Alikaa muda mrefu. Alinishikia beseni nilipokwenda kumwaga maji. Alipoondoka nilimwambia koti liko nyumbani, kwenye henga, limefunikwa shuka. Akasema nikae nalo, hajalilipia bado, atalifuata akishaisema habari hii mahali pake.

Beatus, moyo wangu ulitaka kupasuka kwa furaha, na mtoto bado anatoka damu, sijui mtu anafurahije hivyo.

Akasema kamati inakaa mwanzoni mwa Juni kabla ya bajeti ya Afya. Anataka mama mmoja aje na mtoto wake azungumze. Na anataka mgonjwa mmoja aliye mtu mzima. Maana wapo wenzake watakaosema watoto hawa hawakui, kwa nini fungu limwagwe hapo badala ya malaria. Akasema nitafutie mtu mzima mmoja tu, nikimsimamisha hawana neno.

Nikamwambia nitaulizia. Nikaangalia dirishani.

Mimi sitaweza kuja, Fidel hawezi kupanda basi. Atakuja Kija na Masalu. Sikuombi kitu. Nimekuandikia tu aliyoyasema.

Dada yako,
Digna


Ifakara,
1 Juni 1997

Beatus mdogo wangu,

Barua hii anakuja nayo Kija mkononi. Toka ile ya Mei hujanijibu. Kama nimekuudhi, nimekuudhi, lakini andika hata mstari, hata kwa mkono wa Gosbert. Fidel anaanza kutembea kidogo. Aliniuliza kama yuko mtu mkubwa yeyote mwenye damu kama yake, nikamwambia ale uji. Hivyo ndivyo ninavyomjibu kila akiuliza.

Kija hajawahi kuvuka Morogoro. Mwonyeshe tu mlango wa hiyo kamati, basi, umngoje nje. Amebeba maziwa ya mgando kwenye kibuyu kwa ajili yako, kama yamemwagikia watu kwenye basi usimseme.

Umevimba wapi?

Digna


Dodoma,
9 Juni 1997

Dada Digna, shikamoo.

Goti. La kulia, linalokanyagia cherehani. Na kabla yake kiwiko, hakikuwa kijipu. Barua yako ya Mei ilinikuta nimelala chali, nimelala hivyo karibu mwezi mzima, suti za watu zimekatwa hazijaungwa, Gosbert ananiletea uji na kuwadanganya wateja kwamba nimesafiri kwenda msibani. Barua niliisoma nikaiweka chini ya mto. Hukuniudhi. Niliogopa, dada. Ndiyo hivyo.

Kija alifika na kibuyu kizima. Aliponiona natembea na fimbo akaniangalia goti, akamwangalia Masalu, halafu akaniangalia mimi usoni. Alinikamulia kitambaa cha maji ya baridi akanifunga vizuri kuliko daktari. Ulimwambia? Najua hukumwambia.

Siku ya kamati niliwapeleka mpaka mlangoni kama ulivyosema. Mheshimiwa Marselino akasema ingieni wote, viti vipo nyuma. Nikakaa nyuma kabisa. Kija akasimama. Ningependa ungemsikia. Hakuwa na karatasi. Aliwaambia kwao wanajua kila ng'ombe alipo hata gizani, lakini mtoto huyu akilala anamgusa usiku kucha kuona kama shuka ni bichi. Aliwaambia alivyomwona Fidel na beseni. Alimpandisha Masalu mkono wa shati wakaona kiwiko. Baadhi waliacha kuandika.

Halafu akauliza mbunge mmoja, mtu mstaarabu, sauti yake nzuri, hakuwa na ubaya. Alisema anawaonea huruma sana akina mama hawa, lakini nchi ni maskini na lazima ichague. Akamwuliza Kija, "Mama, umewahi kumwona mmoja wao aliyekua akawa mtu wa kujitegemea?"

Kija akanyamaza. Dada, hakugeuka. Alijua mimi niko nyuma na hakugeuza hata shingo. Alikaa na lile swali peke yake, kama vile ulivyolala wewe kule shimoni. Ndicho kilichoninyanyua.

Nilisema, "Mheshimiwa, suruali uliyovaa nimeishona mimi."

Akaiangalia suruali. Wote wakaiangalia suruali.

Nikasema nina miaka thelathini na moja, nakula kwa cherehani yangu, na damu yangu ni kama ya mtoto huyu. Nikawaambia kwamba nimefika hapa kwa bahati, na kwa dada mmoja aliyekuwa ananibeba mgongoni kwenda shule ili nisijikwae. Nikamtaja Festo. Nikasema kaka yetu hakuwa na hiyo bahati, alikufa kwa kidonda cha jembe, na alikuwa na akili kunishinda. Sijalitamka jina lake toka tumzike, na nimeanza kulitamka mbele ya wabunge. Yule mwenye sauti nzuri akaniuliza kama ningekuwa na dawa hiyo ningekosa kazi siku ngapi kwa mwaka. Nikamwambia suti yake ya kijivu ingekuwa tayari toka mwezi wa tano. Hapo walicheka, na yeye akacheka, na akaandika.

Kamati imekubali kuiambia Wizara itenge fungu, kwanza friji la kugandishia na dawa kidogo ya dharura kwa hospitali chache, ya kwenu imetajwa. Watu wa Wizara waliokuwepo hawakukataa, walisema wataangalia. Litasomwa Julai. Sikuahidi kitu zaidi ya hicho.

Nje Mheshimiwa Marselino akanishika bega. Akasema upande mmoja, eeh? Nikamwambia tumbo moja. Akasema alijua toka nilipouliza habari za bitana.

Mteja mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. Hakusema kwa nini. Wengine wameleta. Yule mwenye sauti nzuri ameleta kitambaa cha koti zima.

Mdogo wako,
Beatus


Ifakara,
22 Juni 1997

Beatus, mdogo wangu, mdogo wangu wa kweli,

Sisalimii vizuri leo, utanisamehe, mama anakusalimu, wote wanakusalimu. Barua yako niliifungulia posta pale pale, nimesimama. Watu waliniuliza nimefiwa na nani. Nikawaambia sijafiwa.

Nilipita nayo mashineni shangazi anakokoboa, nikaisoma kwa sauti na mashine inanguruma, ikabidi wazime. Nilipofika kwenye suruali nikarudia mara ya pili kwa ajili ya waliochelewa. Nilipofika kwa Festo shangazi akavuta kanga usoni, halafu akasema niendelee. Mama nilimvukia mwenyewe Lupiro siku ile ile. Hakulia. Alisema amwite jirani yake yule aliyekuwa anasema wewe ulikimbilia mjini kwa uvivu wa kulima, aje asikie, na akaja, na nikasoma tena.

Najua halijapita. Sista amenikumbusha mara mbili kwamba kutajwa siyo kupata, na friji halijafika hata stesheni. Nimemwambia naelewa. Lakini mimi Beatus miaka saba nimeishi nikingoja mabaya tu, sasa nina kitu kizuri cha kungoja na sijui nikikalie vipi. Nafagia uwanja mara tatu kwa siku. Wale akina mama wanne wamekuwa kumi na mmoja, kuna mmoja kaja kutoka Mlimba, amesikia tu kwenye treni. Kija amerudi, hataki hata kusifiwa, anasema yeye alikaa kimya tu wewe ndiye uliyesema.

Mheshimiwa ametuma neno kwa dada yake kwamba siku ya bajeti ya Afya tutapata nafasi ya kukaa juu, kwenye viti vya wageni bungeni, tukisikiliza. Tunakuja, mimi na Fidel, na koti nitalibeba mkononi kwenye henga yake njia nzima. Daktari amekubali tukienda polepole na tukilala Morogoro.

Jana usiku nilimweleza Fidel. Sasa naruhusiwa, siyo? Nilimwambia yule mtu mkubwa anayemwulizia kila siku yupo, na ni mjomba wake. Akajivuta shuka mpaka puani, nikadhani ameogopa. Nikamwambia mjomba ana cherehani, ana wateja wabunge, anakaa peke yake mjini. Hayo yote hayakumshika. Akafikiri weee, halafu akaniuliza jambo moja tu: mjomba ana ndevu?

Nimemwambia anazo nyingi. Beatus, ukipata barua hii, wembe weka chini. Tunafika mwezi ujao.

Dada yako,
Digna